Mita Mbili Nukta Nne

Spika ya katikati ilikufa Jumanne usiku,
mdomo wa mwigizaji ungali wazi.
Mvua ilibaki. Ilinyesha nyuma yangu, kulia na kushoto,
farasi wakapita mgongoni mwa kochi,
ila watu wote wakageuka mabubu.

Mimi na mabubu tunajuana.
Miaka thelathini na mmoja kwenye mashine za kufumia, hapa Łódź:
masikio niliyaacha kiwandani,
wala hayakuhesabiwa kwenye kiinua mgongo.
Tulisomana midomo katika vumbi la pamba.
Ndipo Lucjan akaninunulia mitambo hii.
"Maneno yakikataa kusikika," alisema,
"angalau yakutetemeshe."

Enzi zake sikugusa waya.
Ilikuwa kama kufunua sufuria ya mpishi mwingine.
Sasa nipo magotini nyuma ya kabati,
tochi kati ya meno,
napangusa vumbi lenye umri wa ujane wangu.

Nilizima. Nikahesabu hadi thelathini. Nikawasha.
Kimya.
Nikautwaa waya wa kushoto, nikauchomeka katikati,
spika ikakohoa, ikasema.
Kumbe mzima! Mgonjwa alikuwa waya wake,
shaba imeota kijani kama mkate uliosahauliwa.
Nikakata ncha kwa kisu cha viazi, nikamenya ganda,
nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi
(ukizigeuza, alikuwa akinionya, besi hujila yenyewe),
nikakaza.

Sauti ikarudi, ikarudi na mgeni:
mmmmm,
nzi ndani ya chupa.

Kajetan wa ghorofa ya pili anasomea umeme.
Alikuja na soksi zilizotoboka, akakataa chai,
akachomoa waya wa antena. Nzi akafa.
"Mitambo yako, bibi, inaigusa ardhi mara mbili.
Mara moja yatosha."
Nikamwambia hata Lucjan ameigusa mara moja tu.
Hakujua acheke au la, maskini,
akaingia kwenye menyu.

"Bibi, ni nani huketi pembeni hivi?"
Kushoto: mita mbili nukta nne.
Kulia: tatu nukta sita.
Hakuna aketiye hapo. Pana kiti karibu na bomba la joto,
na mto wake ulioshuka katikati.

Basi nikaelewa.
Alininunulia mimi, akapimia kiti chake!
Miaka yote hiyo, pale kwenye kochi,
nilikuwa nikila makombo ya mezani kwake,
kila mlango ukifungwa upande usio wake,
nami nikilaumu masikio.
Nilimtukana kwa sauti, mbele ya mtoto wa watu.

Maikrofoni tuliisimamisha kwenye kochi,
juu ya vitabu vitatu vya mapishi, usawa wa sikio langu.
Mtambo ukaomba ukimya.
Fyuuuuu, ikapanda kutoka sakafuni hadi dari,
na Halszka wa chini akaligonga bomba kwa kijiko,
ko ko ko, tukaanza upya.
Mara ya pili nilishikilia pumzi
kama anayepigwa picha ya kifua.

"Nihifadhi? Vipimo vya zamani vitafutika."
Nikamwambia angoje.
Nikaviandika nyuma ya bili ya gesi,
mbili nukta nne, tatu nukta sita, mbili nukta tisa,
nikaiweka kwenye droo ya vijiko.
Kisha nikabonyeza mwenyewe.

Sasa maneno hunijia usoni, moja kwa moja.
Sitegi shingo. Nasikia hata mtu akimeza mate.
Lakini Jumapili nahamia kiti chake,
ambako kila kitu hufika kombo, kidogo tu,
kama yeye akivua viatu vyenye matope mlangoni
huku ameshaanza kunisimulia.

Besi naipunguza. Halszka hulala mapema.